Kushuka Mombasa bila haraka: mwongozo wa Mnairobi wa Fort Jesus, Mji wa Kale na ufuo wa Mama Ngina

Sisi wa Nairobi husema tunashuka Mombasa, na kweli ni kushuka: hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kule mawimbi yanagonga chini ya kuta za nyumba. Shida ni kwamba wengi wetu hushuka na mwendo wa Nairobi. Saa nne Fort Jesus, saa sita Mji wa Kale, saa saba chakula, saa nane ufuoni, picha mbili tatu, basi. Mara ya kwanza nilipompeleka shangazi yangu wa Githurai ndivyo nilivyofanya. Jua la utosi lilitukuta katikati ya uwanja wa ngome, mawe yakitutupia joto usoni, naye akaketi kwenye kivuli cha ukuta akaniambia, "Mwanangu, mimi hapa sitoki." Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, na wageni wa kila aina: watoto, wazee, wenzangu wa kazini. Nimejifunza kwamba upande ule wa Mombasa haufuati saa ya mkononi. Unafuata jua, adhana na maji ya bahari. Ukizipanga ziara zako kwa hizo tatu, mji unakufungukia. Mwongozo huu ni wa usiku mbili na siku moja nzima katikati, kwa mtu anayesafiri kwa treni na kulipa kwa jasho lake.

Chagua siku kabla ya kutafuta tiketi

Kuanzia Januari hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, joto la Mombasa ni la kulowesha shati kabla hujamaliza chai. Aprili na Mei ni masika, na mvua ya Pwani ikiamua kunyesha hainyunyizi. Mimi napenda Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mzee anaweza kutembea. Agosti ina umati wa shule zilizofungwa, lakini bado ni afadhali kuliko wiki ya Krismasi.

Siku yako kuu isiwe Ijumaa ukiweza. Adhuhuri ya Ijumaa maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa, barabara karibu na misikiti hujaa waumini, na mgeni mwenye kamera huwa anakaa njiani mwa watu. Mwezi wa Ramadhani nao una utaratibu wake: mchana huwezi kutegemea kupata chakula Mji wa Kale, na kula au kunywa hadharani mbele ya waliofunga ni kukosa adabu. Lakini magharibi ikiingia, kaimati, viazi karai, sambusa na uji wa pilipili manga hutoka kila mlango. Mtu asiyeogopa kubadilisha ratiba ya tumbo atafurahi kwenda wakati huo.

Kisha tazama mwezi angani. Hili Wanairobi hawalifikirii kabisa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa kishindo. Kwa macho ya mgeni, jioni nzuri kabisa pale Mama Ngina ni ile ambayo maji yanajaa jua likielekea kutua. Tafuta jedwali la maji kwenye intaneti, au mwulize mvuvi yeyote ukifika. Atakujibu bila kutazama chochote.

Tiketi ya treni

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Watoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Unaweza kukata tiketi kwa simu kwa kubonyeza *639# na kulipa kwa M-Pesa, au kwenye tovuti ya shirika la reli. Weka nambari ya kitambulisho kama ilivyo, herufi kwa herufi, maana langoni watailinganisha na kadi yenyewe.

Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya kati: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Ya saa tisa alasiri huenda moja kwa moja, kwa saa tano na ushei. Ipo pia ya saa nne usiku. Ratiba hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha unapokata.

Ushauri wangu ni treni ya asubuhi, hata kama inachelewa kidogo. Unapita Tsavo mchana, na ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la udongo wao, huonekana dirishani bila ada ya mbuga. Shangazi alihesabu kumi na wanne, na mpaka leo hadithi yake ya Mombasa huanzia hapo. Treni ya usiku hukunyima hayo yote na kukushusha Miritini kabla hakujakucha, ukiwa na mizigo, watoto waliolala na bei za usiku za magari. Kama una mtoto au mzee, iache.

Tiketi za daraja la kawaida huisha haraka wikendi ndefu. Kwa Pasaka, Agosti na Desemba, usingoje wiki ya mwisho.

Asubuhi ya safari

Stesheni iko Syokimau, na Barabara ya Mombasa haina huruma. Ukikaa Kasarani, Githurai au Kangemi, ondoka nyumbani mapema mno kuliko unavyodhani inafaa. Kuna treni ya abiria kutoka stesheni kuu ya katikati ya jiji inayounganisha na safari za Madaraka. Iulizie siku moja kabla, maana hiyo haijui foleni ya magari.

Fika saa moja na nusu kabla ya treni kung'oa nanga. Kuna foleni ya kwanza ya mizigo, ambapo mabegi hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi hupita wakiyanusa. Halafu mashine ya kukagua, halafu kitambulisho na tiketi, halafu ngazi. Visu hunyang'anywa, hata kile kidogo cha kumenyea maembe, na pombe kutoka nje hairuhusiwi. Beba maji, chapati na matunda yaliyokwisha kukatwa.

Miritini hadi kisiwani

Treni haikufikishi mjini. Inakuacha Miritini, bara, na Mombasa yenyewe ni kisiwa. Ukitoka nje ya stesheni utapokewa na sauti nyingi kwa pamoja: "Mjini! Nyali! Mtwapa! Bosi, gari hii hapa!" Usikubali mtu akubebee begi kabla hamjapatana. Matatu za kwenda mjini zipo na ni za bei nafuu. Mkiwa wanne, gari la kuitwa kwa programu ya simu huwa linakaribiana na matatu ukigawanya.

Suala la kulala lina jibu moja kwa safari hii: lala kisiwani. Hoteli za Nyali, Bamburi na Diani zina mchanga mweupe, lakini kutoka huko hadi Mji wa Kale utapambana na foleni ya daraja la Nyali au ya feri ya Likoni, na saa zako bora za asubuhi zitaishia garini. Ukilala kisiwani, tuktuk moja inakufikisha Fort Jesus kwa dakika chache. Patana bei kabla ya kuketi, kwa upole, na useme jina la mahali na alama iliyo karibu.

Jioni ya kufika usiende popote mbali. Oga, kula, lala. Joto linakula nguvu kuliko unavyohisi.

Saa mbili asubuhi: Fort Jesus

Kunywa chai kwanza. Chai ya Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, na ukitaka chai isiyo na maziwa omba ya mkandaa. Vaa nguo nyepesi zinazofunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Beba kofia na kitambulisho, kwa sababu Mkenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, nawe utatakiwa kuonyesha kwamba ni Mkenya. Hakikisha pia simu ina pesa.

Ngome hufunguliwa saa mbili. Kuwa pale mlangoni wakati huo huo. Kwa saa mbili za kwanza kuta bado zina kivuli, mabasi ya shule hayajafika, na unaweza kusikia bahari.

Nje ya lango utakutana na wanaojitolea kukuongoza. Wengine ni hodari kweli. Dai kuona beji, uliza bei ya kikundi chote na si ya kila kichwa, na mkubaliane muda. Mimi huona mwongozaji anafaa kwa mara ya kwanza, maana bila simulizi ngome ni mawe tu.

Nayo simulizi ni hii, kwa ufupi. Wareno waliianza mwaka wa 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyeichora kwa umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa hapa aliyepelekwa Goa, kule India, akalelewa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka Wareno na kuiteka ngome. Wareno walirudi. Halafu Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani watu wakafa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka wa 1697. Vitu vilivyoopolewa humo na wapiga mbizi vimo kwenye makumbusho ya ndani. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka wa 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Usikimbilie mizinga kama wafanyavyo wote. Anza na chumba cha makumbusho, kabla jua halijapanda. Kisha tafuta ukuta wenye michoro ya meli na watu iliyoachwa na Wareno. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko popote, nikiwaza mtu aliye mbali na kwao akichora chombo kitakachomrudisha. Nyumba ya Waomani, iliyo juu upande wa bahari, ina dari na milango ya kutazamwa, na kutoka pale unaona mlango wa bandari ya kale wote. Mizinga iwe ya mwisho. Watoto wataipanda mkitaka msitake.

Saa nne: Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale uko papo hapo. Shika barabara ya Mbarak Hinawy ukielekea bandari ya kale. Utapita msikiti wa Mandhry, mweupe, mnara wake umechongoka kama koni. Husemwa ulijengwa mwaka wa 1570, yaani ni mkongwe kuliko ngome. Usiingie bila kukaribishwa. Ukiendelea utafika uwanja wa mbele ya bandari, ambako majahazi yalikuwa yakiletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakiwa na tende na mazulia, na kuondoka na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko. Vyombo vichache bado hutia nanga. Uliza kabla ya kupiga picha eneo la bandari.

Rudi kwa Ndia Kuu. Wenzangu wengi huona kibao wakidhani mchoraji alikosea. Hakukosea: katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njia ni ndia, na mzee akikuambia "ndoo" anakuita uje, hazungumzii ndoo ya maji. Tembea polepole, ukitazama juu. Roshani za mbao, milango iliyochongwa maua na minyororo, vibaraza ambapo watu huketi jioni. Vibaraza hivyo ni vya watu. Usiketi kwenye kimoja bila kusema "hodi" au kuomba ruhusa, na kamwe usimpige picha mama aliyevaa buibui kwa sababu tu amependeza mbele ya mlango. Hapa ni mtaani kwao, kama ambavyo usingependa mtu apige picha dirisha lako la Umoja.

Salimu kwanza, kila mahali. Nairobi tunaingia dukani na kusema, "Hii ni how much?" Mombasa ukisema hivyo utapewa bei, na itakuwa kubwa. Sema "Salaam aleikum" au "Hujambo", mwamkie mzee kwa shikamoo, ulizana hali, halafu ndipo uulize. Niliwahi kununua leso ileile maduka mawili, siku mbili tofauti, na tofauti ya bei ilikuwa salamu tu.

Leso zenyewe zinanunuliwa mtaa wa Biashara. Zinauzwa jozi, nawe soma jina lililoandikwa chini kabla ya kumnunulia mtu. Maneno mengine ni ya mapenzi, mengine ni ya kumsuta jirani, na mama mkwe wako atayasoma. Viungo viko Marikiti, soko lililofunguliwa 1914. Si ile Marikiti yetu ya Wakulima. Nunua iliki, mdalasini na pilipili manga nzima nzima badala ya za kusaga, kwa sababu nzima huwezi kuchanganyiwa.

Adhuhuri hadi alasiri: pumzika

Kula biriani au samaki wa kupaka, kunywa juisi ya ukwaju, rudi chumbani, lala. Wenyeji wenyewe wako ndani saa hizo.

Saa kumi: Mama Ngina

Ufuo wa Mama Ngina umekuwa mahali pa jioni pa Mombasa kwa miaka mingi, na serikali iliutengeneza upya. Sherehe za Mashujaa za 20 Oktoba 2019 zilifanyika hapo. Si ufuo wa mchanga. Ni ukingo wa mwamba ulio juu ya bahari, wenye mibuyu mikubwa, vijia na viti, na mbele yake ni mlango wa Kilindini. Jina hilo latokana na kilindi, maji ya kina kirefu, ndiyo maana meli kubwa hupita hapo karibu sana kiasi kwamba unawaona mabaharia wakitembea juu. Mtoto wa Nairobi ambaye hajawahi kuona meli akiona ya kwanza ikipita mbele ya mbuyu, hunyamaza. Nimeliona hilo mara nne, kwa watoto wanne tofauti.

Fika saa kumi, kabla ya umati. Jumapili jioni panajaa mno; Jumanne au Jumatano unapata kiti cha mbele. Ikulu ya Mombasa iko jirani, usielekeze kamera huko.

Kaa, agiza mihogo ya kukaanga. Hukatwa ukiona, hupasuliwa katikati, ikapakwa pilipili, chumvi na ndimu, au kumwagiwa ukwaju. Kisha dafu: ukimaliza maji, mrudishie muuzaji alipasue ule nyama yake laini kwa kijiko cha kifuu. Kuna kachri za viazi, mabuyu ya rangi, mishkaki kwenye makaa, na kahawa tungu ya mabuli ya shaba kwa kashata. Usishibe kwa muuzaji wa kwanza.

Wapiga picha watakufuata. Mimi nilimwambia mmoja "piga tu", nikaja kupewa picha ishirini na mbili na hesabu ya zote. Tangu hapo nasema mapema: picha tatu, bei hii kwa kila moja, na nisipoipenda sichukui. Wanakubali bila ugomvi.

Usiogelee hapo. Mwamba ni mkali, mkondo una nguvu, na ni njia ya meli. Watoto wakitaka maji, wapeleke kesho yake ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao watu huuita Pirates, maji yakiwa yanajaa. Na ukipanda chombo chochote cha matembezi, jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kuondoka, si liwekwe chini ya kiti. Nahodha akisema bahari imetulia, mshukuru, uvae.

Kama miguu bado ina nguvu, nenda hadi Likoni uvuke kwa feri na kurudi. Mtembea kwa miguu halipi. Weka simu mfukoni, picha haziruhusiwi, na mshike mtoto mkono. Jua hutua mnamo saa kumi na mbili na nusu. Adhana ya magharibi ikianza, taa za meli zikiwaka, usiondoke kwa robo saa hivi. Umati wa wenye haraka huwa umekwenda, na upepo ndio kwanza unapoa. Kurudi hotelini panda tuktuk. Usitembee vichochoro vya giza usiku ukishika simu.

Siku ya kurudi

Barabara ya kwenda Miritini hupita Changamwe, yenye malori ya bandari, na foleni yake inaweza kukupotezea treni. Ondoka mjini muda wa saa tatu kabla ya treni kuondoka, na ukaguzi ni uleule wa Syokimau. Haluwa inunue asubuhi hiyo hiyo, iwe bado na uvuguvugu, uifungishe kwa karatasi mbili. Viungo viweke mbali nayo, maana haluwa hunyonya harufu, na shangazi yangu bado anakumbuka ile ya mwaka juzi iliyofika Githurai ikinuka bizari.